Pierre Ilunga Watatu Ndani ya Sanduku Moja

Hewa Bora, Jumapili, baada ya misa

Mama Ngoie, mutoto yangu,

Umepewa jina la mama yangu, kwa hiyo tangu siku uliyozaliwa mimi ni baba yako na mtoto wako pamoja. Sijawahi kulalamika, isipokuwa zile siku unaponigombeza mbele ya wageni. Sasa hivi umeenda kusukwa nywele kwa yule dada wa kona, na tunavyomjua mdomo wake, hutarudi haraka. Mama yako yuko chumbani na valizi yako. Anaingiza, anatoa, anaingiza tena. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza, eti ninakunja nguo kama mtu anayekunja waya wa umeme. Basi niko barazani na kalamu ya bic na karatasi, mimi Papa Ngoie, bingwa wa kusema, ninaandika.

Wazo si langu. Mama yako ndiye aliyeniambia asubuhi, wakati tunatoka kanisani: "Papa Ngoie, weye kama unasema na kinywa, unajisifu tu. Mutoto anachoka, anafunga masikio. Umwandikie. Pengine mu karatasi utakuwa na haya."

Haya sina, lakini nitajaribu. Nitaandika Kiswahili cha misa, kile kilichonyooka, na pale nitakapochoka utanikuta nimerudi kwenye Kiswahili chetu cha Kamalondo. Usinisahihishe na kalamu nyekundu. Ninajua tabia yako.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kumeza dawa ya malaria, ya kijana gani usimfungulie mlango, hayo mama yako atakuambia mpaka uwanja wa ndege, na atayarudia kwa simu kabla ndege haijapaa. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile la Ijumaa.

Kesho unakwenda Kalemie. Chuo kikuu cha kule kimekuchukua wewe, binti yangu, uhamishe barua pepe zao zote kutoka seva ya zamani kwenda programu mpya. Maprofesa, wafanyakazi, wanafunzi, wote. Nimeshatangaza mtaa mzima. Hata muuza makaa anajua, ingawa yeye anadhani unaenda kufungua posta. Na ninajua pia kwamba mkataba wako ni wa essai, wa kujaribiwa: ukianguka mwanzoni, kuna mwingine wamemweka kando anangoja. Na mkuu wako wa kule ameshatangaza kwamba siku ya ufunguzi wa mwaka wa masomo kila mtu atakuwa na sanduku jipya la barua. Ametangaza kabla wewe hujagusa hata waya mmoja. Wakubwa wako hivyo.

Ijumaa tuko mezani, ukafungua ordinateur yako, kompyuta ile, kando ya bukari, ugali wetu, ili unionyeshe faili la majina. Kweli lilikuwa zuri. Mistari imenyooka, rangi kidogo, kazi ya mtu aliyesoma. Safu moja ya prénom, jina la ubatizo, safu moja ya nom, jina la ukoo. Nikatafuta jina la tatu.

"Postnom iko wapi?"

"Papa, programu haina fasi yake. Fasi iko mbili tu."

"Basi ufanye ya tatu."

"Papa, haifanyikake vile. Itajipanga yenyewe."

"Itajipanga na nani? Na malaika?"

Ukacheka, halafu ukasema lile neno: "Papa, miye minasoma ile kazi mu université. Weye ulijifunza mu cybercafé."

Nikainuka, nikaacha samaki kwenye sahani. Mama yako anasema hilo halijawahi kuonekana katika ndoa yetu.

Sasa nisikilize. Sikukasirika kwa sababu umesema uongo. Umesema kweli tupu. Masomo niliyaacha mwaka wa tatu wa sekondari, na hata huo wa tatu sikuumaliza, mwalimu wa hesabu na mimi tulichokana. Kichwa changu kilifunguka Kamalondo, katika chumba chenye mashine za zamani na feni inayolia, ambapo nilikuwa ninawaandikia watu barua zao kwa wachumba walio Ulaya. Nilikuwa kijana mwenye ndevu za kubahatisha na tayari nina mtoto, yaani wewe, ukilala kwenye katoni ya skrini chini ya meza. Ndiyo, ulianza informatique, mambo ya kompyuta, kabla yangu. Nilijua kufungua sanduku la barua la mtu yeyote aliyesahau mot de passe, neno lake la siri, na nilikuwa ninavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Chuo kikuu kimoja cha mujini kikanichukua nivute nyaya. Ndani ya muda mfupi walikuwa hawawezi kuwasha kitu bila kuniita. Hiyo si kujisifu, muulize mtu yeyote. Au usimuulize Ma Béa.

Ma Béa ulimwona ulipokuwa mdogo, ingénieur Béatrice, chef wangu, yaani mkuu wangu wa kazi, yule mama mfupi anayetembea haraka kuliko watu warefu. Kila kitu ninachojua kwa uhakika katika kazi hii, yeye ndiye aliyenifundisha, na kila nilichoharibu, yeye alikuwa ameniambia mapema. Alikuwa na diploma na alikuwa na haki. Inaniuma kuandika, lakini bic imeshateleza.

Programu yetu ya barua ilikuwa imezeeka. Walioitengeneza walikuwa wameacha kuiangalia, takataka za matangazo zinaingia kama maji ya mvua, na barua zetu wenyewe zikifika ng'ambo zinatupwa pamoja na takataka. Profesa anaandika kwa mwenzake wa ng'ambo, mwenzake hapati kitu, urafiki unaisha bure. Ikaamuliwa tuhamie programu mpya kabisa. Na mkubwa wetu, kama wako, akapenda kutangaza siku ya ufunguzi, mbele ya wageni na bendi ya fanfare.

Nikuchekeshe kwanza. Tulipaswa kuwaambia watu kwamba barua zitasimama kwa muda, kila mtu abadilishe mot de passe. Nikaandika tangazo zuri sana, na Kifaransa ambacho Ma Béa alinisaidia, nikalituma kwa wote. Kwa barua pepe. Watu walikuwa hawafungui barua pepe, na hasa barua pepe inayotoka kwetu. Siku ya kusimama ilipofika, walikuja kwenye mlango wetu kama watu wa kilio, kila mmoja analia sanduku lake. Ma Béa akaniangalia.

"Valves ziko wapi kwenye kazi yako?"

Valves, wewe unazijua, zile mbao za matangazo kwenye ukuta wa kila faculté, kila kitivo, ambako pointi za mtihani zinabandikwa. Pale mtu hukosi kumkuta. Hata profesa anayesema hana muda, pale anasimama, anasoma, anasahihisha makosa ya Kifaransa. Tangazo la barua pepe, mama, ulibandike kwenye ukuta. Unaweza kucheka, mimi nilicheka pia, baada ya kulipia.

Halafu kuna Mama Régine. Mama Régine alikuwa secrétaire wa faculté ya kilimo, na mkuu wake alikuwa profesa mmoja mwenye heshima kubwa, Profesa Pierre Ilunga. Profesa hakugusa ordinateur. Asubuhi Mama Régine anafungua sanduku la profesa, anachapisha barua zote kwenye karatasi, anazipanga kwenye farde, jalada la bluu, anaingia nazo ofisini. Profesa anasoma na kalamu mkononi. Juu ya kila karatasi anaandika neno moja: "Jibu ndiyo." "Jibu hapana." "Nitampigia." Au "Classer," yaani iwekwe kabatini ilale. Karatasi zinarudi, Mama Régine anaandika majibu. Vijana wa kwetu walikuwa wanawacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu faculté ile ndiyo pekee ambayo barua zilikuwa zinajibiwa siku ileile.

Lakini angalia: mimi nilijifikiria kwamba ninahamisha barua kutoka mashine hadi mashine. Kumbe ninahamisha mikono ya Mama Régine, na kalamu ya profesa, na farde ya bluu. Programu mpya iliweka kitufe cha kuchapisha mahali pengine, ndani ya vidoti vitatu ambavyo hakuna mtu wa umri wake angevifikiria. Faculté ya kilimo ikasimama. Nilipoenda kumwonyesha, akanipokea: "Ah, weye njo mwenye kuficha kitufe yangu!" Akanikalisha, akanipa chai, na hakuniachia niondoke mpaka ameandika kwa mkono wake kila hatua. Nenda ukakae na akina Mama Régine wa Kalemie kabla ya kugusa kitu. Usiwatumie karatasi ya maelezo. Kaa nao, uone mikono yao inaenda wapi.

Sasa nimefika pale mama yako alisema nisijisifu.

Majina. Nikukumbushe, injinia wangu, ijapokuwa unajua: kwetu mtu ana nom, ana postnom, ana prénom. Nom mnaweza kuwa nalo watu mia, kwa sababu Ilunga wamejaa kutoka hapa mpaka kaskazini kwa babu zako waliokuja na reli. Prénom ni ya padri, na mapadri wanapenda watakatifu walewale. Katikati, postnom, ndiyo inayosema wewe ni Ilunga yupi. Mtu akiita "Ilunga" sokoni Kamalondo, nusu ya soko inageuka. Akiongeza postnom, anageuka mmoja.

Programu ilitengenezwa na watu wa mbali ambao kwao majina mawili yanatosha. Ilikuwa na nafasi mbili. Ma Béa akaona faili langu, akaniambia maneno yaleyale niliyokuambia Ijumaa. Tofauti ni kwamba yeye alisema kwa upole.

"Usifungue bado. Pitia majina, ofisi kwa ofisi. Uulize kila mtu anaitwaka namna gani."

"Ma Béa, ile itachukua siku mingi. Chef alishatangaza."

"Chef atatangaza tena."

"Ma Béa, unanijua. Kesho asubuhi barua zitatembea zenyewe."

Alikuwa anaenda Likasi kwa msiba wa shangazi yake. Alipotoka, nikafanya. Nilikuwa na hamu ya kusimama pale kwenye ufunguzi, na suti, nimeshika mikono nyuma, mkubwa akisema "kijana wetu huyu." Na alisema. Mama yako alipiga picha. Picha ile bado iko sebuleni, unaipita kila siku.

Chuoni kwetu tulikuwa na Pierre Ilunga watatu. Wa kwanza ni profesa wa kilimo, yule wa farde ya bluu. Wa pili alikuwa mhasibu, ambaye barua zake zote zilikuwa za mpira. Wa tatu alikuwa assistant wa kemia, mwalimu msaidizi, kijana mpole, anayekaa Kasungami. Kila mmoja na postnom yake, na postnom zote tatu niliziacha nje ya mlango. Programu ikaona anwani moja imeandikwa mara tatu, ikafikiri ni mtu mmoja, ikawaweka wote katika sanduku moja. Ufunguo wa sanduku ukaenda kwa aliye juu kwenye faili, yaani profesa.

Wale wawili walifikiri nini? Mhasibu alifikiri rafiki zake wamenuna. Assistant alifikiri kwamba kimya ni kimya, kwa sababu alikuwa amezoea kungoja. Na profesa alifikiri amekuwa mtu maarufu. Mama Régine alichapisha zote, hata za mpira. Profesa alikuwa anaandika juu ya matokeo ya mpira "Jibu hapana."

Cheka. Nilicheka na mimi, siku tulipogundua. Ma Béa alikuwa amerudi, akaniamuru tutenganishe barua moja moja. Bahati yetu seva ya zamani tulikuwa hatujaizima, ilikuwa bado inawaka chumbani mwake, kwa hiyo, kwa anwani za zamani, tungeweza kuona kila barua ilikuwa ya nani kabla sijaichafua. Kwa watu wa nje nimekuwa ninasema ni mimi niliyeona mbele na kuiacha iwake. Ni Ma Béa. Mimi nilitaka kile chumba kwa sababu kilikuwa na baridi nzuri ya kulala mchana. Kwa hiyo seva ya zamani ya kule usiizime hata wakikuambia inakula umeme. Iache iwake muda mrefu kuliko unavyofikiri unahitaji. Barua nyingine zinaendelea kugonga mlango wa zamani wiki nzima wakati mpya umeshafunguliwa, wewe unajua kwa nini kuliko mimi.

Ndani ya barua tulizotenganisha kulikuwa na moja ya assistant. Chuo cha ng'ambo kilikuwa kimemkubali aende kufanya doctorat, nafasi pamoja na malazi, na kilikuwa kinaomba jibu. Kiliomba tena. Kikaomba mara ya mwisho na tarehe. Tarehe ilikuwa imepita. Tukaenda kwa Mama Régine, akafungua kabati, akatoa barua zile zilizochapishwa. Juu ya ile ya kwanza, kwa mwandiko mzuri wa profesa: "Si yangu kusoma tena, nimezeeka. Classer."

Ma Béa alipiga simu ng'ambo, aliandika, hata mkubwa wetu akaandika. Walijibu kwa adabu. Nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

"Nitamutumia mail ya kuomba musamaha," nilimwambia Ma Béa.

Alichukua funguo za moto yake, ile pikipiki, akaniwekea mezani.

Nikaenda Kasungami. Uliwahi kufika kule, nyumba zinaisha, bustani zinaanza, nyumba zinaanza tena. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamwagilia shu, kabichi zake, suruali imekunjwa, ndoo mbili. Alifurahi kuniona, mama. Alidhani nimekuja kumtembelea. Akaita mke wake alete kiti.

Nilimwambia nimesimama. Sikumaliza vizuri, nilianza na programu, na nafasi mbili, na wale wa ng'ambo walivyoitengeneza. Akanikatiza.

"Balinikubali?"

"Balikukubali."

"Miye nilifikiri balinikatala. Nilishamuambia bibi yangu balinikatala."

Aliendelea kumwagilia mpaka mwisho wa mstari. Maji yakaisha, akaweka ndoo chini.

"Sasa weye, ulikuwa na haraka ya nini?"

Wewe unanijua, sijawahi kukosa jibu. Nimewajibu polisi wa barabarani, nimewajibu maprofesa, nimemjibu baba wa mama yako siku nimekuja kumuomba. Pale ningesema nini, kwamba nilitaka kupigwa picha? Mke wake akatoka na kiti. Nikakaa, kwa sababu kukataa kiti kungekuwa kubaya zaidi. Wakanipa shu niondoke nazo. Mama yako alizipika, akauliza mbona sili.

Yule kijana hakwenda popote. Anafundisha palepale, sasa ni mtu mzima, na mambo yake si mabaya. Tukikutana kwenye ngazi ananiita "Monsieur Haraka," kwa sauti, mbele ya wanafunzi. Ninaitika. Ni jina langu. Nimelifanyia kazi.

Baada ya hapo nilipita ofisi kwa ofisi na Ma Béa. "Papa, unaitwaka namna gani, majina yote?" Nilikutana na watu ambao nilikuwa nimewapita kwenye korido miaka yote bila kujua wanaitwa nani. Tuliweka postnom ndani ya anwani palepale penye nom, imeshikamana nayo, na programu haikusema kitu. Hiyo nafasi ya tatu uliyosema haipo, ndiyo hiyo. Haikuwa hata kazi ngumu. Ilihitaji tu miguu na muda, na muda ulikuwa wa kuomba.

Na hapo ndipo ninapoogopa kwa ajili yako, ikiwa ni lazima niandike neno hilo. Mikono yako siiogopei. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, hata Ma Béa alisema, na yeye hasifu mtu. Ninaogopa tarehe ya yule mkuu wako. Utafika kule mgeni, msichana, mkataba wa majaribio, kila mtu anakuita "mutoto wa Lubumbashi." Utaona majina yanagongana, maana Kalemie nako akina Kyungu na akina Kabange wamejaa. Na mtu mwenye tai atakuambia tumeshatangaza. Ni rahisi sana kusema ndiyo, chef. Mdomo unasema wenyewe. Na kule kuna kijana fulani wa tatu kwenye faili ambaye hatajua kamwe kwamba aliandikiwa. Barua ikipotea hailii, mama. Seva ikianguka kila mtu anapiga kelele, wewe unakimbia, unaitengeneza, wanakupigia makofi. Barua iliyoingia kwa mwingine inakaa kimya kabatini, na mtu wake anamwagilia shu akidhani dunia imemkatalia.

Hicho ndicho nilitaka nikuombe, umwambie hapana. Hata wakikurudisha nyumbani. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nilikuwa nimefika hapa, nimeinua bic...

Umeingia.

Ninaandika tena, mambo yamebadilika. Umepita hapa na nywele zako mpya, nzuri kweli, umenisalimia kwa ubaridi wa Ijumaa, ukaingia ukumbini na simu. Nilifikiri unaongea na rafiki. Dirisha liko wazi, na mimi sina adabu.

"Hapana, Monsieur," ulisema. Kwa Kifaransa kile chako kizuri, lakini nitakiandika kwetu. "Ile tarehe siiwezi. Niliangalia faili tena jana. Niko na bantu mingi beko na jina moja na prénom moja. Minahitaji postnom ya kila muntu, na minahitaji kuuliza beye benyewe."

Mkuu wako wa Kalemie anasema.

"Ninajua mulitangaza."

Anasema tena, kwa muda mrefu zaidi. Mama yako ametoka chumbani na gauni mkononi, amesimama.

"Hapana, Monsieur. Kama munataka siku ile, mutafute mwingine. Miye sitaifungua kabla ya majina kukamilika."

Mimi hapa barazani nimeweka bic chini. Hukuniambia alijibu nini upande wa pili, kwa hiyo nilikuuliza kupitia dirishani, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia kitu: "Mama Ngoie, anasema nini?"

"Anasema nikuje, tutaonana uso kwa uso. Amekasirika." Halafu ukaongeza: "Na weye papa, acha kusikiliza simu ya bantu."

Basi. Mama yako amerudi kwenye valizi. Sasa anaimba, kwa hiyo ninajua alikuwa anaogopa.

Sijui kama ukifika kesho utakuta kazi au utakuta yule mwingine ameshakaa kwenye kiti chako. Hakuna anayejua. Ukikuta kazi, fanya. Ukikuta kiti kimekaliwa, ndege zinarudi pia, chumba chako sitakipangisha, na sitakuuliza chochote mpaka umekula. Lakini moyo wangu umekaa vizuri, kuliko siku ile ya suti na fanfare. Jana Jumamosi, wakati mimi bado ninanuna, wewe ulikuwa unaangalia faili. Hukunisubiri. Hapana yako umeisema mwenyewe, kwa mtu ambaye hujawahi hata kumwona, na barua hii ilikuwa bado haijafika mkononi mwako. Mimi nilikuwa na Ma Béa kando yangu na bado sikuisema.

Kwa hiyo sina tena cha kukufundisha, na karatasi bado ziko. Nitakupa hivi zilivyo. Soma ndani ya ndege, ucheke pale pa matokeo ya mpira.

Ila nikuombe kitu kimoja kidogo. Kesho jioni nikitoka kazini nitapita Kamalondo kwa rafiki zangu, na nitawaambia yule binti aliyemkatalia mkubwa wa Kalemie kwa simu, ni mimi niliyemfundisha kila kitu. Nitasema kwa sauti. Watakupigia kuhakikisha, unawajua.

Tafadhali, mama. Usinikane.

Papa yako,
Monsieur Haraka